Nyundo, uvutano au mitetemo: mkunjo wa mafuta uutafute kwa njia ipi?

Kijana mmoja wa Moshi, amehitimu jiolojia na kwa sasa anamsaidia mama yake dukani, alinipigia simu jioni moja. "Shikamoo kaka. Nina hela ya kozi moja tu. Nisome kuchora ramani za uwandani, nisome uvutano wa ardhi, au nisome mitetemo?" Nikamwomba anipe siku mbili. Swali lake si geni kwangu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huniuliza hivyo hivyo wakitafuta mada ya mradi, na tangu habari za utafiti wa mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere zianze kusikika huku Arusha, hata majirani ambao hawajawahi kushika jiwe kwa kulichunguza wananiuliza wale wataalamu wanaonaje kilicho chini. Jibu nililompa kijana lilikuwa fupi. Hili ni refu kidogo.

Kwanza chukua bakuli

Chukua bakuli la plastiki, ligeuze kifudifudi, lizamishe kwenye beseni la maji. Hewa inabaki ndani, imejibanza chini ya kitako. Sasa liinamishe upande mmoja, polepole. Mwanzoni hakitoki kitu. Endelea kidogo, na utaona povu la kwanza likichomoka pale ambapo ukingo wa bakuli umeinuka kuliko kwingine kote.

Mkunjo wa juu ni bakuli hilo. Matabaka yaliyolazwa bapa na maji au upepo yamebanwa kutoka pembeni yakapinda kama mgongo wa ng'ombe. Ndani ya tabaka la mchanga mgumu au chokaa lenye vitundu kuna maji; mafuta na gesi ni vyepesi, hivyo hupanda mpaka vizuiwe na tabaka lisilopitisha, kama udongo mfinyanzi uliogandamana au chumvi. Gesi hukaa kileleni, mafuta chini yake, maji chini kabisa. Pale Turner Valley, Kanada, kisima cha mwaka 1914 kilipata gesi yenye mafuta mepesi kwenye mkunjo huo huo ambao mafuta ghafi yenyewe yalikuja kupatikana ubavuni, upande wa magharibi, mwaka 1936. Miaka 22 watu walikuwa wamekaa kileleni mwa bakuli wakati walichokitaka kiko ubavuni.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kujua: kilele kiko wapi, na ukingo wa kumwagikia uko wapi. Umbali wa wima kati ya hayo mawili ndio unaosema bakuli linabeba kiasi gani. Kuna na la tatu, nalo ni kama bakuli lilikuwa limeshageuzwa mafuta yalipopita. Hilo hakuna njia hata moja kati ya hizi tatu inayolijibu peke yake, kwa hiyo naliweka kando.

Na tahadhari moja kabla sijaendelea, maana watu wa kwetu hulichanganya hili. Arusha na Moshi si nchi ya mikunjo ya mafuta. Meru na Kilimanjaro ni volkano, Manyara, Natron na Eyasi ni Bonde la Ufa, ambako ardhi imevutwa ikapasuka, haikubanwa. Mikunjo mikubwa ya mafuta iko kama ile ya milima ya Zagros, Iran, ambako kisima cha Masjed Soleiman kilitoa mafuta mwaka 1908. Kwenye bonde la ufa bakuli mara nyingi lina ukuta mmoja ambao ni mpasuko: vipande vya ardhi vimeinama, na mpasuko ndio unaoziba upande mmoja. Uganda walipata mafuta yao mwaka 2006 kwenye bonde la namna hiyo, na Kenya wakafuata mwaka 2012 kwa kisima cha Ngamia-1 kule Turkana. Ndiyo maana watu wanalitazama Eyasi kwa jicho jipya. Hesabu za pembe na kina ni zile zile, lakini usiende Karatu kutafuta Zagros.

Nitapima kwa vipimo gani

Kila njia nitaiuliza maswali manne. Inaona nini cha bakuli, kilele au ukingo? Inadanganya wapi? Inagharimu nini, kwa hela na kwa watu wenye ardhi? Na inamtaka mtu wa namna gani? Kisima cha kuchimba sikiweki kwenye ulinganisho. Kile ni hakimu, na kwa mamilioni ya dola hakimu haitwi kwa kila kesi.

Nyundo na dira

*Inachoona.* Inaona matabaka pale yanapochungulia juu ya ardhi: mtoni, kwenye kingo za barabara iliyochongwa, kwenye miamba ya mlimani. Unapima mwelekeo wa tabaka na mwinamo wake, unaandika, unahamia jiwe la mbele. Tabaka likichungulia hapa likiwa limeinama nyuzi 30, na ukatembea kilomita 2 kuelekea linakoinamia, liko takriban mita 1,150 chini ya miguu yako, mradi halijajipinda njiani. Ni hesabu ya sekondari, na mafuta mengi ya dunia yalipatikana kwa hesabu hiyo. I. C. White wa Marekani alianza kuitetea nadharia ya mikunjo mwaka 1885, na kwa miongo kadhaa baada yake wachora ramani ndio walioonyesha pa kuchimba.

*Inapodanganya.* Hapa pana mengi, na nayajua kwa kuumia.

La kwanza ni dira yenyewe. Siku moja nilikuwa nafanya mazoezi na vijana kwenye lava upande wa Monduli. Nikapima ufa mmoja mara tatu nikapata majibu matatu. Kijana mmoja akaniambia taratibu, "Mwalimu, ebu inua dira usiiweke juu ya jiwe." Nikaiinua hadi kifuani, sindano ikageuka karibu nyuzi kumi. Lava ina madini ya sumaku, na mimi nilikuwa naijua habari hiyo kwenye vitabu tu. Simu ndiyo mbaya zaidi, hasa ikiwa kwenye kava lenye kisumaku cha kufungia.

La pili ni tabaka lililopinduka. Mkunjo ukibanwa sana, ubavu mmoja hujikunja hadi tabaka la chini likawa juu. Ukipima mwinamo bila kuuliza upande upi ulikuwa juu zamani, utachora bonde mahali pa mgongo. Tafuta nyufa za tope: zile unazoziona kingo za ziwa Manyara likikauka, pana juu na nyembamba chini. Ukizikuta kwenye mwamba zikiwa nyembamba upande wa juu, ubavu umepinduka.

La tatu ndilo kubwa, nalo liko Zagros. Juu ya chokaa ya Asmari yenye mafuta kuna tabaka la Gachsaran, chumvi na jasi, laini kama ugali uliochotwa mapema. Matabaka yalipobanwa, yale ya juu yaliteleza juu ya hiyo chumvi yakajikunja kivyake. Kwa hiyo mgongo unaouona kwa macho unaweza usiwe wima juu ya mgongo wenye mafuta. Ramani yako ni sahihi kabisa, na kisima kinakosa.

*Gharama na watu.* Dira, nyundo, daftari, viatu, nauli. Karatasi za ramani za jiolojia unazipata Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Ruhusa ni ya kuongea: mwenyekiti wa kitongoji, mwenye shamba, mfugaji. Kwa Wamasai anza na salamu, nyundo ibaki kwenye begi mpaka ueleweke hutafuti Tanzanite.

*Inamtaka nani.* Mwenye miguu na subira ya kuangalia. Wanaapolo wa Mererani, wale wachimbaji wa Tanzanite, ni mfano ninaoupenda. Wengi hawajaona daftari la jiolojia, lakini wanalifuata tabaka lenye grafaiti likijikunja chini ya ardhi, na wanajua kwenye kona ya mkunjo ndipo pa kusimama. Miamba ile imepikwa mno, haiwezi kuwa na mafuta, lakini jicho ni lile lile.

Uvutano na sumaku

*Inachoona.* Gravimita ni chombo kinachopima tofauti ndogo mno za nguvu inayovuta vitu chini. Mchanga na tope la ziwani vilivyogandamana huwa na uzito wa gramu 2.3 hadi 2.5 kwa sentimita ya ujazo, granaiti karibu 2.67, basalti karibu 2.9. Bonde lililojaa mashapo, yaani mchanga na tope la namna hiyo, huvuta kidogo, mwamba mzito ulioinuka huvuta zaidi. Kwa hiyo njia hii haioni kilele wala ukingo wa bakuli moja; inaona kabati lote la vyombo. Bonde ni refu kiasi gani, mashapo yana unene gani, mpasuko mkubwa unapita wapi. Ndiyo maana Eyasi-Wembere ilipimwa kwanza kwa ndege. Sumaku hufanya kazi ya pacha: mashapo karibu hayana usumaku, mwamba wa msingi na lava vinao, hivyo unakadiria kina cha kitako cha bonde.

Usidhani lakini kwamba ni ya mabonde tu. Mwaka 1924 mizani ya uvutano ilionyesha kuba la chumvi la Nash, Texas, bila jiwe hata moja kuchungulia juu.

*Inapodanganya.* Jibu moja lina maswali mengi. Kitu kidogo kizito karibu na uso na kitu kikubwa kilicho chini zaidi vinaweza kukupa mchoro ule ule. Mkunjo wenye chokaa nzito moyoni utainua kipimo; mkunjo wenye chumvi moyoni utakishusha; umbo ni moja. Na ukiwa huku kwetu ongeza milima: Meru ina mita 4,566, Kilimanjaro 5,895, na usipokokotoa mvuto wa milima hiyo utakuta mkunjo kila ulipogeuka.

Halafu kuna kimo. Uvutano hupungua takriban miligali 0.3 (miligali ni kipimo kidogo cha uvutano) kwa kila mita 1 unayopanda, na mkunjo mzima unaoutafuta unaweza kuleta miligali moja au mbili tu. Ukikosea kimo cha kituo kwa mita tatu umeshajitengenezea mkunjo wako binafsi. Niliwahi kuona timu ikisubiri dakika kumi nzima barabarani kwa sababu kila wakisawazisha kiputo cha chombo lori la mchanga linapita, kisha punda, kisha mtoto aliyekuja kuuliza kama hiyo ni kamera.

*Gharama na watu.* Chombo ni ghali kununua lakini hukodishwa, na watu watatu na gari moja wanatosha. Hakuna shimo wala mti unaokatwa. Kwa ndege hata shamba halikanyagwi, ingawa ng'ombe wanaweza kukurupuka, kwa hiyo vijiji vipewe taarifa.

*Inamtaka nani.* Anayependa hesabu na asiyechoka kurudia kituo cha msingi asubuhi na jioni. Faida yake nyingine, ambayo vijana huisahau, ni kwamba ujuzi huu unaliwa pia kwenye madini na maji.

Mitetemo

*Inachoona.* Hii ndiyo inayoona kilele na ukingo. Lori linatikisa ardhi, au baruti ndogo inalipuliwa ndani ya shimo. Sauti inashuka, inagonga mpaka wa tabaka na tabaka, inarudi, na vipokezi vidogo vilivyochomekwa ardhini vinaandika ilirudi lini. Majaribio ya kwanza yalifanyika Oklahoma mwaka 1921. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, na sauti imesafiri kwa wastani wa mita 3,000 kwa sekunde, mpaka uko mita 3,000 chini, kwa sababu sauti imekwenda na kurudi.

Lakini jua inaona kwa ukali gani. Kwa mawimbi ya mizunguko 30 kwa sekunde na mwendo huo huo, wimbi moja lina urefu wa mita 100, na robo yake, mita 25, ndio unene mwembamba unaoweza kuutofautisha. Tabaka la mchanga la mita 10 lenye mafuta mazuri kabisa linaweza lisionekane kama tabaka.

*Inapodanganya.* Picha ya mitetemo ni ya muda, si ya kina, na wengi huisahau mara tu inapotokea kwenye skrini kwa rangi nzuri. Chukua kipande cha lava chenye unene wa mita 300 kilichofukiwa kwenye mashapo, jambo la kawaida Bonde la Ufa. Sauti inapita kwenye lava kwa mita 5,000 kwa sekunde na kwenye mashapo ya pembeni kwa 2,500. Kwenda na kurudi, inatumia sekunde 0.12 kwenye lava na 0.24 pembeni. Kila kilicho chini ya lava kinaonekana kimeinuka kwa tofauti hiyo, sawa na mita 150 za mashapo. Umepata bakuli zuri, lenye kilele na ukingo, na halipo.

Kwenye mikunjo mikali kuna taabu zake. Ubavu uliosimama hurusha mwangwi pembeni, hauurudishi kwa vipokezi, hivyo unabaki ukungu. Bonde la mkunjo likiwa jembamba hutoa mwangwi unaopishana hadi kuonekana kama tai ya kipepeo, na mgongo huonekana mpana kuliko ulivyo, mpaka data ichakatwe kurudisha kila mwangwi mahali pake. Na mstari mmoja wa vipokezi, unaoitwa 2D, huweza kupokea mwangwi wa mkunjo ulio kando, ukauchora kana kwamba uko chini yake. Hapo ndipo mwenye nyundo anahitajika: mwinamo uliopimwa juu unamwambia mchakataji picha ipi haiwezekani.

*Gharama na watu.* Kilomita moja ya mstari wa nchi kavu ni maelfu ya dola, na pagumu hupita elfu kumi. Watu ni wengi, magari mengi, na mstari hunyooka bila kujali shamba la nani. Ukipita kwenye vitunguu vya Mang'ola mwezi mmoja kabla ya mavuno, fidia inajadiliwa kabla lori halijawashwa, la sivyo huna kazi kesho yake. Data zinazotoka ni mali ya Serikali. Hazikopiwi kwenye flashi ya rafiki.

*Inamtaka nani.* Anayeweza kukaa mbele ya kompyuta miezi, na akaishi ndani ya timu kubwa. Mtu mmoja hafanyi mitetemo, na mradi wa mwaka wa mwisho haukusanyi data mpya. Unaomba za zamani na kuzisoma upya.

Kwa hali yako

Kama una wiki sita na nauli, chukua nyundo. Nenda milima ya Pare ukajifunze umbo la mikunjo, ukijua miamba ile imeshapikwa. Kisha panda basi la Tanga: kule kuna mashapo ya kale yaitwayo Karoo, na chokaa ya enzi za Jura, enzi za dinosaria, pale mapango ya Amboni. Huwezi kupata mkunjo wa Zagros, lakini utajifunza kutofautisha tabaka na ufa, na hilo nimeona watu wenye shahada mbili wakilikosea.

Kama eneo unalolitaka limefunikwa, kwa mbuga, lava au mchanga wa ziwa, nyundo haina cha kugonga. Anza na uvutano na sumaku, hata kwa data zilizokwisha kukusanywa, ujue bonde lina kina gani. Bonde lenye mashapo ya mita mia chache halijapata joto la kupika mafuta, na kujua hilo mapema kunaokoa fedha nyingi.

Kama unataka ajira kwenye kampuni au shirika la petroli, na uko tayari kuhama Arusha, mitetemo ndiyo inayoulizwa kwenye usaili. Ila usiende nayo peke yake. Angalau msimu mmoja wa kupima mwinamo kwa mkono. Kama unataka kubaki Moshi au Arusha ukijitegemea, kazi za visima vya maji na madini zitakulisha kwanza, na hapo uvutano na sumaku vina mteja wa karibu zaidi.

Kama mnalitazama Eyasi, mpasuko unaoziba bakuli uupe muda kuliko mkunjo. Uliza kama umepakwa udongo mfinyanzi wa kutosha kuzuia. Hapo hakuna njia moja kati ya hizi itakayokutosha.

Siku mbili zilipoisha nilimpigia yule kijana wa Moshi. Sikumwambia asome nini. Nilimuuliza bakuli lake liko wapi, akakaa kimya kidogo, akasema hajawahi kufikiria mahali, alikuwa anafikiria cheti. Baadaye alinitumia picha ya karatasi ya ramani ya Same, ameizungushia kalamu nyekundu sehemu moja ambako matabaka yanageuka mwelekeo. Pembeni ameandika nyuzi alizodhani atakuta, ili akifika apime aone.